Mafunzo ya kupaka rangi sanamu ndogo, Himbi, Goma
Karakana hii hufundisha kupaka rangi sanamu za milimita 28, na somo lake bora ni lile la kivuli: badala ya nyeusi, mwalimu huchanganya nyekundu na kahawia iliyokolea, huizimua kwa maji hadi iteremke yenyewe kwenye mikunjo ya joho, kisha, ikishakauka, huongeza rangi angavu tabaka kwa tabaka mabegani na juu ya pua, mahali ambapo mwanga utokao juu hufika kwanza. Huharakishwi, jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko vifaa. Brashi zao zimechakaa ncha, kwa hiyo ni afadhali uje na yako, na taa moja haiwatoshi wanafunzi wote. Ada ni nafuu.