Commodore 64 ya kununua ukiwa Uganda: ulizia sauti kabla ya bei

Inbox yangu siku hizi imejaa kilio kimoja tu, picha ipo sauti hakuna. Mtu kaagiza Commodore 64, ile kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 80, kutoka Uingereza, imefika Kampala salama, kaichomeka kwenye tivi ya mgongo, skrini ya buluu imetokea vizuri na READY yake, kaweka gemu, spika inatoa chhhh tu. Anaipeleka kwa fundi, fundi anamwambia chipu ya sauti imekufa, lete hela tubadilishe. Jamani msilipe kwanza! Mara nyingi hiyo chipu ni nzima kabisa.

Iko hivi. Uganda na Uingereza sote tulikuwa PAL, yaani mfumo mmoja wa tivi ya rangi, ila tivi zetu za zamani ni PAL B/G, sauti inakaa megahezi 5.5 juu ya picha, na Waingereza ni PAL I, yao iko megahezi 6. Sasa kompyuta yao ukiiunga kwa waya wa antena, tivi yako inaidaka picha halafu inaenda kutafuta sauti mahali ambapo haipo, na ukizungusha stesheni kuifuata hiyo sauti basi picha nayo inaharibika. Kinachowaponza watu ni plagi. Ya Uingereza ina meno matatu, inaingia kwenye soketi zetu bila adapta, umeme wao wa volti 240 ni kama wetu, kwa hiyo mtu anaona hii ndo yenyewe.

Namba moja kwangu, na sifichi, ni Commodore 64 ya Ujerumani. Mimi ni mtu wa Commodore, msiniletee habari za wapinzani wake Amstrad hapa. Ujerumani walitumia B/G kama sisi, unachomeka antena unasikia kila kitu. Plagi yake ya miguu miwili ya duara unaitafutia adapta ya bei ya chai, basi. Angalia tu transfoma, zile nyeusi za zamani zimejazwa gundi ngumu ndani, hazipumui, na zikifa zinapandisha ile laini ya volti 5 mpaka zinaunguza memori. Ya Ujerumani imeandikwa volti 220 na sisi tuna 240, inazidi kuchemka. Pima hiyo laini kwa mita kabla hujaiunga kwenye kompyuta, ikizidi volti 5.25 tupa, nunua transfoma mpya.

Namba mbili ni hiyohiyo ya Uingereza, ila uwe na kebo ya AV, ile ya kuchomeka nyuma kwenye tundu la duara lenye pini nyingi. Hapo sauti inapita kwenye waya wake na mambo ya 5.5 na 6 yanaisha. Au kama tivi yako ina menyu ya kuchagua mfumo wa sauti, BG, DK, I, weka I. Kuzitambua, geuza chini usome kibandiko, za Uingereza namba yake aghalabu inaanza na UKB.

ZX Spectrum 48K, kompyuta nyingine ya Uingereza ya enzi hizohizo, ni rahisi zaidi na ina kaspika kake ndani, kwa hiyo kelele hii yote haikuhusu. Vibonye vya mpira. Haya tuendelee.

Commodore 64 ya Marekani usiguse. Ukiona nyuma kuna kaswichi kadogo ka chaneli kenye L na H, hiyo ni NTSC, mfumo wa tivi wa Marekani. Mwambie muuzaji aiwashe, aandike amri PRINT PEEK(678), apige picha ya skrini, 1 ni PAL, 0 ni NTSC (ila hiyo haikutofautishii Mjerumani na Mwingereza, ndo maana nimewaambia kibandiko). NTSC inachora mistari 263 na PAL 312, gemu nyingi za Ulaya zimepimwa kwa hiyo 312, ukiziweka kwenye ya Marekani zinakwama au picha inarukaruka. Transfoma yake ni ya volti 117, ichomeke kwenye 240 yetu uone moshi.

Na hawa wauzaji wa mtandaoni wameniudhi. Kitu kilitoka 1982 kwa dola 595, kampuni yenyewe ikafilisika 1994, leo mtu kakitoa darini na vumbi lake anaandika "nadra sana" na bei ya kuumiza, ukimuuliza imetoka nchi gani anakujibu "inawaka". Inawaka! Mwingine nilimwomba transfoma aiache kwao, akaipakia vilevile, na mizigo ya ndege tunalipia kwa kilo, kwa hiyo nimelipia tofali la volti 117 kutoka Marekani mpaka Entebbe na ushuru juu yake. Siku hizi nataka picha ya boksi likiwa wazi kabla sijatuma hata shilingi.