Leso, fulana na benna za kampeni Mombasa: pesa ya mgombea wa wadi iende wapi

Mgombea wa uwakilishi wadi mwenye mfuko mdogo anunue leso (kanga) chache nzuri na kadi nyingi za mkononi, kisha abakishe kidogo cha stika za tuktuk. Fulana za bei ya chini aachane nazo, na benna, yaani mabango ya turubai, asizidishe. Mombasa ina wadi 30 katika maeneo bunge 6, na ndani ya wadi watu wanajuana kwa nyumba na kwa nasaba. Sura kubwa juu ya barabara haiongezi mengi kwa mtu ambaye tayari anasalimiwa kwa jina dukani. Kinachomsaidia ni kitu kitakachoingia nyumbani na kubaki.

Kuna pia suala la majira. Uchaguzi mkuu huwa Jumanne ya pili ya Agosti, na ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Mwaka 2022 kampeni zilianza 29 Mei zikafungwa 6 Agosti. Maana yake ni kwamba bidhaa za kampeni Pwani zinakutana na mkia wa masika, halafu kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiwa imekaza. Mchapaji asiyekuuliza kitu hicho kitatundikwa wapi na kwa muda gani, mwangalie vizuri kabla hujamwachia arbuni.

Leso ndiyo bora kuliko zote ikitengenezwa sawasawa. Doti moja ni vipande viwili, kila kimoja karibu mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, chenye pindo pande zote, mji (uwanja wa ndani ya pindo) katikati na jina lake, yaani msemo ulioandikwa. Mama akiipata haitupi. Ataikata, ataipinda, ataingia nayo jikoni, atabebea mtoto, na muhula ukiisha ile leso ingali kwenye kamba ya nguo. Kwa mwakilishi anayetaka kurudi bunge la kaunti mara ya pili, hatujaona tangazo linalodumu hivyo.

Taabu iko kwenye kitambaa. Ukipita Biashara Street leso za pamba zimejaa, ila leso yenye muundo wako mwenyewe haipatikani kwa idadi ndogo. Kiwanda hutengeneza rola au skrini (fremu ya kuchapia) kwa kila rangi, na gharama hiyo inastahili kwa maelfu ya doti tu. Mgombea ugavana ataweza. Wa wadi huishia kuuziwa leso ya poliesta iliyochapwa kwa mashine ya dijitali. Rangi zake zinawaka kwelikweli, kwa kuwa wino wa aina ile hushika poliesta peke yake, lakini kitambaa hakinywi jasho, kinateleza kiunoni, na kwa joto la hapa kitavaliwa siku ya mkutano kisha kiwe pazia la dirisha.

Njia tunayoipendekeza ni kununua leso za pamba zilizo tayari, zenye rangi ya chama na jina linalofaa, halafu kuchapa kwa skrini jina la mgombea na alama yake kwenye kona za mji, rangi moja tu. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Leso mpya ina wanga wa kiwandani. Wino ukichapwa juu ya wanga hukaa juu juu, na fuo la kwanza huondoka nao. Zifuliwe kwanza, zikauke, zipigwe pasi, ndipo zichapwe, na wino ukaushwe kwa joto. Kabla ya kukubali mzigo, lowesha kona moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni, isugue kwa kitambaa cheupe, kisha inyanyue uitazame kwenye mwanga. Kitambaa cheupe kikitoka na rangi, au ukiona vidole vyako waziwazi upande wa pili, rudisha.

Sura ya mgombea isiwekwe kwenye leso. Leso ikifungwa, mji hukaa nyuma, na picha iliyo katikati itakaliwa. Wazee wanaliona hilo ni kukosewa adabu, mgombea na mvaaji wote wawili. Zaidi ya hapo, wengi hawaswali na nguo yenye sura ya kiumbe, kwa hiyo leso ya namna hiyo huwekwa kando kila adhana inapolia. Alama za vyama kama chungwa, mwavuli au wilbaro hazina neno. Jogoo wa KANU ataleta swali lilelile la sura.

Ukiamua kuagiza muundo wako kwa kushirikiana na wagombea wengine wa chama, jina liwe fupi. Maneno yakizidi sita au saba, herufi husinyaa hadi mtu wa ng'ambo ya barabara asiweze kusoma. "Kura ni siri, kazi ni dhahiri" linaenea vizuri. Mpe mtu anayekijua Kimvita, lahaja ya Mombasa, alipitie kabla ya rola kutengenezwa. Jina lililogeuzwa ovyo kutoka kauli mbiu ya makao makuu ya chama linajulikana mara moja, na akina mama wa Mji wa Kale hawavai leso yenye jina lisilo na ladha. Tarehe usiandike kabisa. Mwaka 2022 uchaguzi wa ugavana Mombasa na Kakamega uliahirishwa mkesha wa kupiga kura, kwa sababu ya makosa ya picha na maelezo kwenye karatasi za kura, ukafanyika 29 Agosti. Chochote cha mgombea ugavana kilichoandikwa 9 Agosti kilipitwa siku hiyohiyo.

Fulana tunazipa alama ndogo. Zinazouzwa kwa bei ya kutupa huwa za poliesta nyepesi, gramu 120 hivi kwa mita mraba, na saizi karibu zote ni M. Ukiwa lazima uzichukue, taka pamba ya gramu 160 hadi 180, L na XL ziwe nyingi kuliko ndogo, na picha igeuzwe kuwa ya rangi moja, kwa kuwa kila rangi inataka skrini yake. Uchapaji unaobanduka fuo la pili sababu yake karibu ni moja: wino haukuiva. Wino wa plastiki unahitaji kufika nyuzi 160 hivi, na fundi mwenye foleni ya fulana elfu hupunguza muda wa joto. Vuta kitambaa pale palipochapwa. Wino ukipasuka, haujaiva.

Kadi ya mkononi ndiyo bidhaa ya bei nafuu yenye kazi kubwa, na inadharauliwa bure. Mpiga kura hupewa karatasi sita, na ya mwakilishi wadi mwaka 2022 ilikuwa ya hudhurungi iliyofifia. Kadi iseme mambo manne: jina kama litakavyokuwa kwenye karatasi ya kura, picha, alama, na maneno MWAKILISHI WADI kwa herufi kubwa. Likoni na Changamwe hilo ni la lazima, maana wadi na eneo bunge vina jina moja na mgombea huchanganywa na wa ubunge. Majina ya wadi yenyewe yakaguliwe: wabunifu huangusha kikato (') cha Ziwa la Ng'ombe, na huandika Ganjoni peke yake badala ya Shimanzi/Ganjoni. Usiige sura ya karatasi ya kura. Kuchapa kinachofanana nayo ni kujitafutia kesi. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, basi hesabu vituo vya wadi yako, zidisha kwa 700, ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya zitakazoloa na kupotea.

Mabango ya karatasi ni ya wiki mbili tu: A3, karatasi ya gramu 150, gundi ya unga iliyopikwa nzito. Nguzo za umeme ziacheni.

Benna zinataka uangalifu zaidi kuliko zinavyopewa. Kusi haichani turubai katikati, hung'oa pete za pembeni zinazopitishwa kamba. Pindo likunjwe na kuchomwa kwa joto, si gundi. Pete ziwe kila nusu mita na ziwe za shaba, kwa sababu chumvi hula chuma na kutu huchirizika juu ya uso wa mgombea. Turubai la gramu 440 linavumilia, la 280 ni la ndani ya ukumbi. Karibu na bahari chukua la wavu. Na bango la barabarani linahitaji kibali cha kaunti, usipokipata litashushwa na gharama ni yako.

Stika ya nyuma ya tuktuk inatembea wadi nzima kutwa. Inabanduka kwa mambo mawili: kioo hakikufutwa kwa spiriti kikatolewa mafuta na chumvi, au stika ililaminishwa (ilifunikwa kwa plastiki) wino ukiwa mbichi. Iachwe siku nzima ikauke ndipo ilaminishwe.

Kila bango na karatasi ya kampeni ibebe jina na anwani ya mchapaji na ya anayetoa tangazo. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inataka hivyo, na mchapaji anayekataa kuweka jina lake usimpe kazi. Usichape alama ya chama kabla ya mchujo kumalizika na tume ya uchaguzi kukuidhinisha. Mgombea huru asubiri alama yake ikubaliwe, kwani ikifanana na ya chama kilichosajiliwa hukataliwa na mzigo wote unakuwa matambara.

Lipa nusu. Saini sampuli moja ya kila bidhaa na ubaki nayo. Siku ya kupokea, fungua mafungu ya katikati, si la juu, uhesabu na ulinganishe na sampuli kabla ya kutoa nusu iliyobaki.