TAHADHARI: Haba za nyuma za Toyota Ist zinabadilishwa ndani ya boksi, umesimama palepale kaunta

Wakuu, naandika hili nina hasira, na aibu sitaificha. Mteja wa kawaida akiuziwa haba iliyooshwa, yaani kitovu cha gurudumu chenye beringi, cha zamani kilichosafishwa kionekane kipya, watu humhurumia. Sisi tunaoshika spana kila siku tukiuziwa hiyohiyo, tunanyamaza, na kunyamaza kwetu ndiko kunakomnenepesha huyu muuzaji wa spea wa Gerezani, Dar es Salaam. Mara hii simnyamazii.

Ile Ist ya Mbagala niliyoifungia haba za muuzaji huyu wengine mnaijua, na mlio wake niliurusha hapa kwa sauti: inasaga nyuma asubuhi, inanyamaza siku mbili, inarudi. Sasa muuzaji huyo anawaambia watu kwamba haba zake hazina kosa, fundi ndiye aliyekosea kupima. Basi naweka hapa kipimo kilivyofanyika kabla ya kununua kwake, hatua kwa hatua, anayejua kazi aseme kosa liko wapi.

Barabarani kwanza. Gari likifika 60, gia nyutro, injini ikashuka hadi silensa (mzunguko wa chini kabisa), mlio ukaendelea na ukafifia taratibu kadiri mwendo ulivyopungua. Kwa hiyo unafuata magurudumu, haufuati injini. Ist hii ni ya kuvuta mbele, nyuma hakuna difu (gia za ekseli) wala shafti ya kuzungusha magurudumu. Kinachoweza kusaga kule ni tairi, breki, kijiwe kilichonasa kati ya ngoma ya breki na pleti yake, au beringi ya haba. Anayekuambia ubadilishe oili ya difu kwenye gari la namna hii, ondoka hapo haraka.

Tairi za nyuma zikahamishiwa mbele, za mbele zikaja nyuma, maana tairi iliyolika mabondemabonde hunguruma kama beringi kabisa. Mlio haukuhama na tairi, ulibaki nyuma. Kisha breki: kwenye barabara nyoofu isiyo na gari jingine, mwendo wa 40, hendibreki ikavutwa kidogo huku kitufe kimeshikiliwa ili isijifunge. Kama shuu (viatu vya breki ndani ya ngoma) ndizo zinazosaga, mlio ungebadilika papo hapo, ama kuzidi ama kukatika. Haukubadilika. Tukazungusha usukani kidogo kulia, mlio ukapanda, kushoto, ukakata. Gari likielekea kulia uzito unalalia magurudumu ya kushoto, kwa hiyo mshukiwa akawa haba ya nyuma kushoto.

Kisha gereji. Magurudumu ya mbele yakawekewa vizuizi, hendibreki ikashushwa, gari likakaa kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake. Mkono mmoja unazungusha tairi, vidole vya mkono wa pili vinagusa springi. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko sikio: upande wa kushoto springi ilitetemeka kama mchanga unaopita ndani ya bomba, wa kulia ilitulia. Tairi ikashikwa juu na chini ikatikiswa, haikucheza hata kidogo. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanasema haichezi, basi ni nzima. Njia ya gololi inaweza kuwa imebanduka magamba na haba isicheze kabisa. Kucheza huja mwishoni, wakati hali imeshakuwa mbaya.

Ngoma ikatolewa, na ikikataa kuna matundu mawili yenye nyuzi usoni mwake, unaingiza bolti mbili za M8, unakaza kwa zamu, inajisukuma yenyewe bila nyundo. Shuu zilikuwa na milimita 3, na mwisho wake ni 1. Ngoma haina mikwaruzo, kijiwe hakuna. Ikabaki beringi tu. Na kwa nini mlio unakuja na kutoweka? Kwa sababu kilichobanduka ni kipande kidogo cha njia ya gololi. Uzito wa gari ukikilalia kinasaga, ukihama kinanyamaza. Abiria wawili nyuma, kona ndefu, barabara laini au ya matuta, kila kimoja kinabadilisha jibu.

Hicho ndicho kipimo. Sasa mniambie kosa liko wapi.

Dukani tulifika Jumamosi saa saba mchana, haba ya zamani mkononi. Akaitoa ya kuonyesha kwenye rafu ya kioo, boksi safi la Kijapani, akaifungua mwenyewe. Hii iliyokaa juu ya kaunta ilikuwa halali, na hadi leo naapia hilo. Namba kwenye chuma ilifanana na ya boksi, maandishi membamba yaliyochomwa vizuri, stadi nne (bolti za kufungia gurudumu) zina nyuzi ambazo nati haijawahi kuzigusa. Niliizungusha, ikawa nzito kidogo na laini, kama haba yenye girisi mpya inavyotakiwa. Tukailaza juu ya ile ya zamani: kina sawa, matundu ya bolti nne sawa, duara la katikati sawa. Akaniambia, "Kaka, pima hata mara kumi, mimi sina haraka." Maneno hayo ndiyo yaliyonilaza.

Nikaomba mbili, ya kushoto na ya kulia, maana gari linafanya kazi kila siku na za zamani zina umri mmoja. Akasema hapo mbele ipo moja tu, ya pili iko stoo. Akachukua na ile niliyokwisha kuipima, "nikazifunge pamoja, zisiingie vumbi njiani." Akapita nyuma ya pazia. Dakika tatu, labda nne. Kijana wake akaniletea kiti na kuniuliza kuhusu beringi za mbele za Noah, na mimi nikamjibu kwa kirefu, mgongo wangu kwa pazia. Akarudi na maboksi mawili yamezungushiwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote, ndani plastiki nzito imelowa mafuta. Elfu tisini na tano kila moja. Nikahesabu laki na tisini, nikapokea mfuko. Mashine ya risiti ya EFD eti mtandao umekata, akaandika kikaratasi kwa mkono: "beringi 2". Hakuandika namba, hakuandika jina la kampuni, hakuandika gari.

Kwa nini nilimwamini? Kwa sababu bei haikuwa ya chini. Tumefundishana miaka yote kwamba feki hujulikana kwa bei, na yeye anauza kwa bei ya halali. Kwa sababu nusu ya mafundi wa eneo letu walinunua kwake plagi, shuu na bushi na hakuna aliyelalamika. Na kwa sababu kitu halali nilikishika kwa mikono yangu. Huo ndio mtego wenyewe: hakuficha haba nzuri, aliitanguliza.

Zilifungwa siku hiyohiyo. Bolti nne kila upande, na tahadhari ambayo si ya utapeli lakini inavunja magari: bolti hizohizo ndizo zinazoshika pleti ya breki, kwa hiyo ukizitoa, funga pleti kwa waya, isining'inie kwenye bomba la breki. Kama gari lina ABS, chomoa plagi ya sensa kwanza. Uso wa ekseli ukasafishwa kutu kwa brashi ya waya, nati za gurudumu zikakazwa kwa spana ya kipimo, 103 Nm, kwa mpangilio wa msalaba.

Wiki ya pili upande wa kushoto ukaanza kuvuma ukifika 80. Wiki ya tano ukawa unasaga, unakuja na kutoweka, mlio uleule wa mwanzo. Wa kulia ukafuata siku chache baadaye.

Tuliporudi dukani, kabla hata sijafungua mfuko, akasema kwa sauti ili wateja wasikie: "Fundi wako kazipiga nyundo." Naomba kila mmoja aelewe uovu wa jibu hili. Ni kweli kwamba beringi ya kushindiliwa kwa presi ikigongwa nyundo, gololi zinachora vidimbwi kwenye njia yake na inalia tangu siku ya kwanza. Lakini haba hii haishindiliwi popote! Inakaa kwenye nafasi yake kwa mkono na kukazwa bolti nne. Hakuna pa kugonga. Anajua, na anatumia neno la kifundi kumtia fundi aibu mbele ya watu.

Nikazikata zote mbili kwa grinda. Girisi ilikuwa nyembamba, rangi ya asali, inatiririka. Girisi ya haba haitiririki. Njia ya gololi ya haba ya kushoto ina madoa meusi ya kutu ya zamani, juu yake imesuguliwa ing'ae. Kwenye ukingo wa chuma, chini ya namba mpya, ukiinamisha taa unaona kivuli cha namba nyingine iliyosagwa. Stadi zina nyuzi zilizolala upande mmoja, alama ya nati zilizofungwa na kufunguliwa mara nyingi. Na uso unaokaa ngoma una duara la kutu lililopakwa rangi ya fedha. Hizi ni haba za magari yaliyochinjwa: zimeoshwa, zikajazwa girisi ya bei rahisi, zikabadilishwa sili na kurudi kwenye boksi. Zinakaa nyuma ya gari linalobeba watoto wa watu. Beringi ikishikana kwenye mwendo wa barabara kuu, gurudumu linafunga au linang'oka. Huyu anajua anachouza.

Kwa hiyo Tume ya Ushindani (FCC) wanamhusu. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 ipo kwa ajili ya watu wa namna hii, na Tume wana mamlaka ya kukamata mzigo na kuuteketeza. Nataka stoo ile ya nyuma ya pazia ifunguliwe mchana, watu wakiona. Nataka TRA wamuulize mtandao wa EFD ulikata siku ngapi. Nataka afungiwe, si kutozwa faini akalipa kwa mauzo ya asubuhi moja. Na yule kijana wa kiti naye aulizwe, maana kiti kile hakikuletwa kwa ukarimu.

Dalili zilikuwepo, nazitaja kwa ajili ya atakayeingia duka lolote pale. Kitu ulichokipima kisiondoke machoni pako. Kikienda nyuma ya pazia, kipime upya kikirudi, hata kama kimefungwa. Fungua plastiki, futa mafuta kwa kitambaa, angalia nyuzi za stadi na uso wa ngoma kabla ya kitu kingine. Piga picha ya namba ya chuma uliyoonyeshwa, ulinganishe na ya kwenye mfuko. Mimi picha sikupiga. Zungusha zote mbili: inayozunguka haraka na kwa muda mrefu kama tairi la baiskeli haina girisi ya haba. Kampuni za beringi kama Koyo, NSK na NTN ni miongoni mwa zinazoigwa sana, na ipo programu ya simu, WBA Bearing Authenticator, inayosoma msimbo wa maboksi ya baadhi ya kampuni hizi. Lakini boksi halali linaweza kubeba kitu kisicho halali, kwa hiyo isikutoe kwenye kukagua chuma. Risiti iandike namba ya spea. Akisema mashine mbovu, pesa zibaki mfukoni.

Jina la duka siliandiki hapa, walioko kwenye kazi wameshalitambua kwa pazia. Kama umenunua haba kwake tangu mwanzo wa mwaka na gari linasaga nyuma, usisubiri gurudumu licheze: liweke kwenye stendi leo, shika springi, zungusha. Ukiona ninachosema, usiitupe haba wala boksi. Zangu mbili zilizokatwa, maboksi na kikaratasi vipo gereji kwenye ndoo ya bluu, na malalamiko ya pamoja tunayapeleka kwa Tume Jumatatu.