Golf Costa Adeje, Tenerife: usidanganywe na matokeo ya 2021

Mei 2, 2021, Dean Burmester wa Afrika Kusini alishinda mashindano ya gofu ya Tenerife Open kwenye uwanja huu wa Visiwa vya Kanari (Canary Islands), Hispania, kwa mikwaju 259 katika raundi nne, yaani 25 chini ya kiwango cha uwanja, ambacho ni 71 kila raundi, na raundi ya mwisho akapiga 62. Wiki iliyofuata, uwanja ule ule, Mwafrika Kusini mwenzake Garrick Higgo akapiga 257 na kutwaa Canary Islands Championship. Ilikuwa ratiba ya korona: wiki tatu mfululizo visiwani, ya kwanza kisiwa cha Gran Canaria, ili wachezaji wasizunguke ovyo. Karen Country Club, Nairobi, nayo ilibeba mashindano mawili mfululizo Machi mwaka huo. Canary Islands Championship ilichezwa mara hiyo moja tu, na ni hasara, kwa sababu uwanja unastahili zaidi.

Matokeo hayo yasikufanye uuone mwepesi. Mbunifu wa viwanja Pepe Gancedo aliuchora juu ya matuta ya shamba la migomba, akaziacha kuta za mawe zilizoshikilia udongo. Mabingwa huzivuka kuta hizo kwa mpira wa juu. Mchezaji wa kawaida hupiga chini, mpira ukagonga jiwe na kurudi nyuma, au ukatulia sentimita chache kutoka ukutani, fimbo ikakosa pa kupita.

Kabla ya kuanza, soma kanuni za uwanja nyuma ya kadi ya alama. Ukuta ukihesabiwa kizuizi kisichohamishika, unapata nafuu (ruhusa ya kusogeza mpira) bila adhabu pale tu unapozuia mpira, msimamo au mzungusho wa fimbo: tafuta sehemu ya karibu iliyo huru, pima urefu wa fimbo moja, usisogee karibu na shimo, angusha mpira kutoka usawa wa goti. Ukuta kukuzuia kuiona bendera ya shimo tu hakukupi nafuu. Ukihesabiwa sehemu ya uwanja, hakuna cha bure: ukitaka kuusogeza mpira, ongeza mkwaju mmoja, angusha ndani ya urefu wa fimbo mbili. Wengi hukataa adhabu hiyo, wakapiga hivyo hivyo, na shimo la mikwaju minne likawala saba.

Kwenye nyasi fupi za kusukumia mpira shimoni (green), kilima kizima kinashuka kuelekea baharini, hivyo macho huona tambarare pasipo tambarare. Simama kando ya shimo, utafute bahari iko upande gani, ndipo upige ukijua mteremko unaelekea huko.

Uwanja una mashimo 27. Chagua 18 ya Los Olivos kwanza; tisa ya Los Lagos yanafaa jioni, mguu ukiwa bado na nguvu.