Niliomba muda wa ziada kwenye GRE, barua ya mistari mitatu ikanichelewesha

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Mombasa, nina ualbino na uoni hafifu unaoambatana nao, na mwaka jana nilifanya GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, nikitafuta nafasi ya uzamili Marekani. Nilipotafuta mtu wa pwani aliyepitia njia hii anielekeze, sikumpata. Basi haya ndiyo yaliyonikuta.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ingetosha. Ndivyo nilivyozoea. Kwenye KCSE nilipewa karatasi ya maandishi makubwa na dakika 30 za ziada, wala sikuulizwa kwa nini 30 na si 20. Walimu walikuwa wananiona, yakaisha. Huku hakuna anayekuona. Kuna faili tu, na anayeisoma yuko ng'ambo.

Kuomba kwenyewe si kazi. Unafungua akaunti kwenye tovuti ya ETS, shirika linalotoa mtihani huu, unajaza fomu, unatia tiki unachohitaji: muda mara moja na nusu, muda maradufu, mapumziko zaidi, skrini iliyokuzwa, msomaji, nukta nundu. Kisha unapakia barua ya daktari. Huongezewi ada juu ya ile ya mtihani. Ila usikimbilie kuchukua tarehe. Kibali kwanza, tarehe baadaye.

Barua ndiyo iliyonitoa jasho. Niliichukua kliniki moja ya macho mjini: mistari mitatu na muhuri mkubwa wa zambarau, kwamba mimi nina uoni hafifu, tafadhali nisaidiwe. Nikaituma nikiwa na furaha zangu. Wiki tano baadaye nikajibiwa kuwa haitoshi. Walitaka kipimo cha kila jicho nikiwa na miwani, namna hali hii inavyoathiri usomaji wangu, na sababu ya kila msaada niliouomba. Nilinuna siku nzima. Halafu nikaisoma tena ile barua kama ninayesahihisha daftari, nikacheka. Mwanafunzi akiniletea jibu bila kuonyesha njia, mimi mwenyewe humkata maksi.

Nikarudi kliniki. Mapokezi wakaniambia nilipe upya, ati barua ya kwanza ilishatoka na faili limefungwa. Nikalipa huku nikinung'unika. Safari hii nikaangukia kwa daktari mwingine, mama wa makamo, asiye na haraka.

"Mwalimu, hebu nisomee hapa," akasema, akanipa ukurasa wa gazeti na kuanza kuhesabu dakika kwenye simu yake. Nikausogeza ukurasa usoni kama kawaida yangu. Akatoa rula mezani, akaipachika kati ya pua yangu na karatasi. Sentimita saba.

"Na ukisoma hivi, shingo huanza kuuma baada ya muda gani?"

Miaka yote hii ya kusoma, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Dakika ishirini hivi, nikamwambia, lakini kabla ya hapo macho huwa yameshaanza kuchezacheza, mstari unanipotea, naanza upya. Yote akayaandika. Akaandika na 6/60 kwa jicho lililo bora, miwani ikiwa usoni: yaani herufi ambayo mwenzangu anaisoma akiwa mita 60, mimi mpaka niwe mita 6. Chini yake, kwa kila ombi, sababu yake. Kurasa mbili zilizopigwa chapa.

Kibali kikaja ndani ya wiki nne: skrini iliyokuzwa, rangi za kuchagua, muda mara moja na nusu. Maradufu sikupewa, na kusema kweli niliitia tiki kwa tamaa tu.

Mtihani nilipangiwa Nairobi, nikapanda SGR siku moja kabla. Chumba nilikuwa peke yangu. Tangu Septemba 2023 GRE ni fupi, saa mbili kasoro dakika mbili. Kwangu ikawa karibu saa tatu. Sehemu ya dakika 18 ilikuwa 27, insha ya nusu saa ikawa 45. Msimamizi alifungua skrini ya kawaida, ikabidi nimtolee kile kibali ndipo aanze kupiga simu. Kichapishe, uende nacho mkononi.

Na wanaodhani muda wa ziada ni zawadi, wajaribu kusoma jedwali la takwimu lililokuzwa. Unaona kona moja. Unasukuma kulia, ukifika huko umeshasahau kichwa cha safu, unarudi. Dakika zile za ziada ziliishia hapo hapo.

Mwenzangu wa ofisini aliniuliza kama chuo hakitaona kwenye matokeo kwamba niliongezewa muda. Hakioni. Zamani ilikuwa ikiandikwa. Mark Breimhorst, Mmarekani asiye na mikono, alifanya GMAT, mtihani wa kuingilia shule za biashara ambao wakati huo ulisimamiwa na ETS, mwaka 1998, matokeo yake yakawekwa maandishi hayo, akashtaki. Mwaka 2001 ETS wakakubali kuyaondoa.

Ukitaka kujaribu, anza miezi minne kabla, na barua iwe ndiyo kazi ya kwanza. Yangu nimeifuta jina nikatoa nakala. Wiki iliyopita nimempa mama wa mwanafunzi wangu mmoja, aende nayo kliniki daktari aone kinachotakiwa. Nimemwambia abebe na rula.