Mekapu klini na mafuta ya uso ya asili: nilivyoyaona kwa joto letu la Mombasa

Dada zangu mnauliza kama mekapu klini, zile zinazosifiwa kuwa hazina kemikali kali, na mafuta ya uso ya asili vinafaa kwa joto letu, basi nianze na jibu kabisa, mafuta yapo yanayofaa tena yanafaa sana, mekapu ndo ina maneno. Manake nyingi ya hizi mekapu zinazoitwa klini zimetengenezewa watu wa nchi za baridi ambao ngozi zao hukauka mpaka zikapasuka, kwa hivo wamejaza mafuta na nta kila mahali, sasa wewe unaileta Mombasa msimu wa kaskazi, jasho halikauki, upepo wenyewe wa moto, unavuka feri Likoni saa saba mchana ukifika ng'ambo uso unameremeta na konsila, ile ya kufichia madoa, imejikusanya kwenye mikunjo.

Nimenunua sehemu mbili. Moja ni kaduka kadogo Nyali kanakouza vitu vya asili tu, vingine vya kutoka nje vingine vya hapahapa, na nyingine ni kwa wale wakamuaji wa mafuta wa mjini ukishuka Marikiti kule kwenye viungo, ambapo mamangu alikuwa akinunua tangu mie mdogo.

Mafuta ya nazi tuyamalize haraka kwa sababu najua nitaulizwa. Mwilini na kwa nywele sina neno, Mpwani gani ataisema vibaya nazi. Usoni kama una chunusi yaache. Karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki na ni mazito kwa vitundu vya ngozi, wengi yanawatoa vipele vidogovidogo vya paji la uso halafu wanalaumu sabuni. Na ile ya kusema mafuta safi lazima yagande, jamani, nazi inagandia kwenye nyuzi kama 24, Mombasa mara nyingi joto liko juu ya hapo, hapa yatakaa maji karibu mwaka mzima mpaka uyatie friji. Yakiwa maji haimaanishi umeuziwa feki.

Yaliyonishika moyo ni mafuta ya mbuyu. Haya yanakamuliwa kutoka kwa zile mbegu zilizo ndani ya mabuyu, ndiyo, zilezile mnazofyonza rangi na sukari mkazitema, na mibuyu imejaa Kilifi yote hiyo mpaka huku kwetu, halafu chupa iliyoandikwa baobabu ikitoka Ulaya inauzwa bei ya kuzimia! Ya hapa ni nafuu mara kadhaa. Ni mepesi kiasi, rangi ya dhahabu iliyofifia, harufu yake kidogo tu kama ya njugu mbichi. Napaka usiku, uso ukiwa bado una maji kidogo baada ya kuosha, matone mawili matatu yanatosha uso na shingo, nasugua viganjani kwanza ndo nabonyezea, sisugui. Asubuhi ngozi laini na haina ile ng'aro ya mafuta ya kukaangia. Ukiyapaka mchana kwa joto hili utajuta, haya ni ya usiku, mchana ngozi zetu zina mafuta yake ya kutosha.

Jojoba nayo nimeipenda kwa ngozi ya mafuta. Kwa hakika si mafuta hasa ni nta iliyo maji, na inakaribiana na mafuta ambayo ngozi inatoa yenyewe, ndo maana haileti uzito. Pia haiozi haraka, na hilo kwa Mombasa ni jambo kubwa sana manake hapa joto linaua mafuta. Mfano ni rozihipu, yale ya mbegu za waridi mwitu, yanasifiwa sana kwa madoa lakini ni ya kuchacha upesi, yakipata mwanga na joto yanaharibika. Ile chupa ya kwanza niliyochukua kule Nyali ilikuwa ya kioo cheupe na ilikuwa imepangwa dirishani jua likiipiga, nikaifungua nyumbani inanuka mafuta ya mandazi ya jana. Niliirudisha na muuzaji kusema kweli alinibadilishia bila maneno, akanitolea nyingine ya chupa ya kahawia kutoka ndani, lakini dada wa duka ikiwa unasoma hii tafadhali toa hizo chupa dirishani, zote. Mie sasa rozihipu naiweka friji na nanunua chupa ndogo ya mililita 30 nimalize kabla haijageuka.

Habat soda watu wanauliza. Mafuta mazuri, yanatuliza chunusi zenye wekundu, ila harufu yake ni kali na usiyapake peke yake yanaweza kuchoma, changanya tone moja na jojoba. Ya lozi ni mazuri kwa ngozi kavu, mwenye mzio wa njugu na lozi akae mbali. Na kitu kimoja nawaomba sana, msipake ndimu wala mafuta ya ndimu usoni halafu mkatoka juani, inaunguza ngozi na doa lake linakaa miezi. Nimeiona kwa binti wa jirani, inauma roho.

Sasa mekapu. Faundesheni ya maji iliyojaa mafuta ya argani na nta ya nyuki, hapana. Ilikuwa nzuri kwa muda wa kufika stejini tu. Lakini ya unga, ile ya madini yenye zinki na oksidi za chuma, hii ndo nimeinunua tena. Ukitia kidogokidogo kwa brashi inashika jasho, na kwa sisi tunaoswali inatoka kirahisi kwa maji ukiosha vizuri wakati wa udhu, si kama zile za kushika siku nzima ambazo maji yanateleza juu yake na inabidi utafute mafuta ya kuitolea msalani kazini. Tena hizo oksidi za chuma zinasaidia kuzuia ule mwanga wa kawaida unaozidisha madoa meusi kwa ngozi zetu, sanskrini ya zinki tupu haina rangi hiyo na inatuacha na uso wa majivu. Tatizo ni rangi. Kaduka kana rangi sita na nne kati yake ni za watu weupe, mwenye rangi ya kahawa kama mie unachanganya mbili, na dada yangu ambaye ni mweusi zaidi hakupata kabisa. Kwa Mombasa hiyo si sawa.

Lipstiki nyekundu someni nyuma mkitafuta CI 75470, ni namba ya rangi kwenye orodha ya viungo. Hiyo ni kamini, rangi inayotolewa kwa kusaga wadudu, na ni ya asili kabisa, kwa hivo kuandikwa "asili" hakukuambii lolote kama unaangalia halali. Jani la kijani lililobandikwa kwenye kopo halithibitishi kitu. Soma orodha, kilichotangulia ndo kingi zaidi, ukiona mafuta ya mbuyu yako mwisho kabisa baada ya manukato basi umeuziwa picha ya mbuyu. Vilevile wanja wa jiwe wa zamani, ule wa kusagwa, si kwamba ni salama kwa sababu ni wa bibi zetu, mwingi una madini ya risasi, msiwapake watoto wachanga, nawasihi.

Maskara ya nta niliyojaribu ilihamia chini ya macho kabla ya adhuhuri. Usipake mafuta ya uso karibu na kope kama unataka ikae, mafuta ndo yanayoilainisha.

Huduma ya kaduka ni nzuri, yule dada anakuuliza ngozi yako inafanyaje kabla hajakuuzia, na hajawahi kunisukumia krimu za kung'arisha, hilo nampa heko manake madukani mengine ndo kitu cha kwanza unachoonyeshwa, na zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku na KEBS, lile shirika la viwango la Kenya, lakini bado watu wanachanganyiwa mkorogo kwenye vikopo visivyo na lebo. Bei za vitu vyake vya nje ziko juu, za hapa zinafaa.

Mie ningechukua hivi: mbuyu au jojoba ya hapa kwa usiku, unga wa madini kwa mchana, basi. Na wauzaji wakianza kutoa vichupa vidogo vya kujaribia, hata vya kulipia, mtatusaidia sana, manake kununua chupa nzima ndo ujue ngozi yako haiitaki ni hasara, na hapo Nyali bado hawana.