"Begi si umelipata?"

Hayo ndiyo maneno niliyopokelewa nayo Dar, na ndiyo maana shirika hili la ndege nalipatia nyota moja. Jina silitaji, sitaki kesi.

Safari yenyewe, kusema haki, haikuwa na shida. Tuliondoka Dubai kwa wakati, chakula kilikuja cha moto, na dada mmoja wa ndani ya ndege alimhangaikia bibi aliyekaa nyuma yangu njia nzima bila kukunja uso. Rubani alitua taratibu mpaka watu wakapiga makofi. Hata muhuri wa uhamiaji pale Terminal 3 niligongewa chapuchapu. Nikasema leo mambo ni mteremko.

Nikafika kwenye mkanda wa mizigo. Begi langu ni lile gumu la plastiki, jekundu, nililinunua Deira safari hiyohiyo. Lilitokea limepasuka kuanzia kwenye kona mpaka karibu na mpini, mkono wa abaya umechomoza kwenye ufa na unaburuzwa juu ya mkanda. Nguo nyeusi, lakini grisi iliyoganda pale kwenye nakshi niliiona kabla halijanifikia. Na hizo ni abaya za wateja, wameshalipa, na pesa zao nimeshanunulia tiketi! Watu wanatazama. Mzee mmoja akanisaidia kulishusha, akaniambia "pole mwanangu", nikakaribia kulia.

Kaunta ya mizigo kulikuwa na kijana, macho kwenye simu.

"Mdogo wangu, begi langu limevunjika."

Kimya. Nikarudia.

"Begi si umelipata? Wenzako hapa wanaondoka mikono mitupu."

Eti nishukuru! Nikamgeuzia ufa auone. Akatupa jicho moja, akarudi kwenye simu. "Huo ni uchakavu wa kawaida, mama." Uchakavu! Begi ambalo karatasi ya bei bado inaning'inia kwenye zipu!

Hapo sikubanduka. Sisi wa Kariakoo tunaofuata mzigo haya mambo tunayajua. Kuna Mkataba wa Montreal wa 1999 na Tanzania imo: begi likiharibika likiwa mikononi mwa mashirika ya ndege ni juu yao, labda kasoro iwe ya begi lenyewe. Malalamiko unayapeleka kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee. Likichelewa, una siku 21 tangu ukabidhiwe. Halafu begi likiwa limeshaumia tangu kule unakolikabidhi, wanalifunga tagi ya kujitoa lawama na wewe unatia saini. Langu lilikuwa na tagi moja tu, ile yenye DAR. Nikamwambia hayo yote, kwa sauti, ndiyo, foleni nzima ilisikia. Nikamwambia nipe fomu ya PIR, ile ya kuripoti mzigo ulioharibika au kupotea.

"Fomu zimeisha."

Akaja mama mmoja wa makamo, nadhani ndiye msimamizi wao. Akamsogeza kijana kidogo, akavuta droo iliyokuwa inagusana na goti lake, akatoa bunda la fomu. Bunda zima! Kijana wala hakushtuka. Mama wa watu akaniandikia vizuri, akanipa nakala, akasema, "Pole dada, lipige picha kabla hujatoka humu ndani." Na wewe unayesoma, fanya hivyohivyo, ukishatoka nje watakwambia limevunjikia kwenye teksi.

Begi ningelisamehe. Mizigo hutupwa, tunajua. Lakini kunidanganya fomu zimeisha huku amezikalia?

Wiki kadhaa zikapita, barua pepe zangu zinajibiwa na mashine, mwisho wakanitumia vocha. Ya kupunguziwa nauli. Kwenye ndege yao! Yaani fidia yangu ni kuwapelekea begi lingine. Nimewajibu nataka pesa, risiti za begi na abaya nimeziambatisha. Wamenyamaza mpaka leo.

Kwa hiyo msipande. Ingawa tuseme ukweli, kwa kilo wanazotoa na nauli ile, nilishazunguka kwingine kote na hesabu zikagoma. Na ndege zao ni safi, sitawasingizia. Kama husafiri na mzigo, una mkoba wako wa mkononi tu, panda, utafurahi. Ila nikilikumbuka lile goti kwenye droo nafuta yote niliyosema. Nyota moja. Yule dada wa ndani ya ndege ningempa tano zake peke yake, na mama wa fomu nne, lakini hapa hakuna pa kuziweka.

Vocha inaisha muda kabla ya Idi, na binti yangu ameshaanza kuniuliza kama tunaitumia au tunaiacha ife.